Kengele Isiyo na Foleni

"TANGAZO KWA UMMA. Wakaazi wote wa Lubumbashi, wenyeji na wageni, wanaarifiwa kwamba kuanzia leo Jumba la Matao haliungui. Uamuzi huu umechukuliwa na Uongozi baada ya kutafakari kwa kina. Atakayeona moto ndani ya Jumba auhesabu kuwa ni uvumi wa maadui."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni Jumatatu asubuhi, mwaka ule nchi ilipokuwa inaanguka kutoka mashariki kuja kusini, mji baada ya mji, kama ukuta wa matofali mabichi yaliyonyeshewa. Leo redio ilisema waasi wamefika mahali fulani, kesho wakaazi wa mahali hapo walikuwa wameingia Lubumbashi kwa miguu, magodoro kichwani. Wanajeshi wa serikali waliuza buti zao sokoni wakanunua raba, kiatu kilichofaa zaidi kwa mkakati uliokuwa umeandaliwa.

Katika hali kama hiyo serikali makini hurudi kwenye mambo ya msingi. Ndiyo maana Mkurugenzi Kapya, mkuu wa Idara ya Majumba ya Kumbukumbu, aliamua kushughulikia kengele ya moto.

Aliyelibandika tangazo alikuwa Symphorien Ngosa, karani wa Idara na mlinzi wa Jumba. Alilinyoosha kwa kiganja, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kuona kama limesimama wima. Lilikuwa wima. Symphorien alikuwa mtu wa kuamini chochote kilichopigwa muhuri, na tangazo hili lilikuwa na mihuri miwili, mmoja ukiwa umepigwa juu ya mwenzake kwa nguvu zaidi.

Tena alikuwa na sababu ya kuamini. Yeye na mke wake Agnès waliishi humohumo Jumbani, vyumba viwili mwisho wa korido ya ghorofani. Tangu bomba la maji likauke, Agnès alikuwa akipandisha maji ngazini kwa beseni, na siku moja beseni lilifika chini kabla yake. Sasa mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta aliyofungiwa humohumo kitandani, kuanzia kwenye paja, umenyooka kama mlingoti wa bendera, haukunjiki. Mji mzima ulikuwa unajiuliza siku ikifika utakimbilia wapi. Agnès hakuwa na swali hilo. Hata chooni alibebwa.

Ndipo Mkurugenzi, ambaye alikuwa na Land Rover ya Idara, alipomwita Symphorien pembeni.

"Ngosa, siku ikifika, weye na bibi yako muko na nafasi mbili ya nyuma. Kasumbalesa, kisha Zambia. Parole ya Directeur."

Tangu siku ya ahadi hiyo Symphorien hakukataa kitu. Angeambiwa abandike tangazo kwamba mvua imeahirishwa, angeuliza tu libandikwe upande gani wa mlango.

Sasa tuliseme Jumba lenyewe. Lilijengwa na Wabelgiji kwa matofali mekundu, likiwa na matao saba upande wa barabara na mlango mmoja wa mbao nzito wenye mabawa mawili. Bawa la kushoto lilikuwa limepigiliwa misumari zamani sana, hakuna aliyekumbuka kwa nini, na kwa kuwa muda ulikuwa umepita, misumari nayo ilikuwa imeingizwa katika urithi wa taifa. Lililobaki lilipitisha mtu mmoja mmoja. Mkurugenzi, ambaye cheo chake kilikuwa tumboni, alipita kwa ubavu huku amevuta pumzi, kama barua inayopenyezwa chini ya mlango.

Kengele ya moto ilikuwa zawadi ya wahisani wa ng'ambo. Visahani vyeupe vilining'inia darini katika kila chumba, na kimoja kikinusa moshi viliongea vyenyewe kwa vyenyewe angani, halafu vyote vikapiga kelele. Havikuwa na waya. Wahisani walishauriwa hivyo na watu wanaoujua mji. Lubumbashi imeilisha dunia nzima shaba, kwa hiyo waya ukitandazwa ukutani jioni, asubuhi huwa umekwisha kurudi kwenye biashara. Kila kisahani kilikuwa na betri zake, na miaka yote mambo yalikwenda vizuri, yaani hapakuwa na moto.

Vita vilipoanza, kila mtu alitaka redio, na redio inataka betri. Kisahani cha chumba cha mashine kilinyamaza kwanza. Kikafuata cha ngazini. Symphorien mwenyewe alipanda juu ya stuli akatoa betri za korido, akazitia katika redio ya Agnès, kwa sababu mtu asiyeweza kukimbia ana haki ya kujua anakimbiwa na nani. Mkurugenzi, kwa heshima ya cheo, alichukua zile nene za sanduku kuu. Kwa hiyo isisemwe kwamba kengele iliharibika. Ilihama tu kutoka habari za moto kwenda habari za vita, na kila saa kamili ililia kwa Kifaransa.

Ilibidi ibadilishwe. Mkurugenzi alimwita Bénédicte, mpiga chapa wa Idara.

"Andika. Objet: kubadilisha alarme ya moto. Tunaomba alarme ya mupya, sans fil, kama ile ya zamani. Weka na salamu zote za kizalendo."

Bénédicte aliandika. Hapa msomaji avumilie kidogo, maana nchi ilikuwa inaponyoka kwa herufi moja. Kifaransa kina maneno mawili yanayofanana kwa sauti kama mapacha: *fil*, ambalo ni waya, na *file*, ambalo ni foleni. Bénédicte alikuwa amesimama kwenye foleni ya mkate ng'ambo ya barabara tangu alfajiri, akaondoka bila mkate, na miguu ilikuwa bado inamuuma. Vidole viliandika kile ambacho miguu ilikuwa inakifikiria. Barua ikapanda kwa wakubwa ikiomba *alarme sans file*. Kengele isiyo na foleni.

Wakubwa siku hizo walikuwa wanafunga mabegi. Mtu anayefunga begi hasomi, anasaini. Barua ilirudi haraka kuliko barua yoyote katika historia ya mkoa, ikiwa na neno "Approuvé", yaani imekubaliwa, sahihi, na muhuri mwekundu mpana kama mkono wa mtoto.

Bénédicte alipoisoma alishika mdomo.

"Monsieur le Directeur, kuko kosa. Ni miye. Nilitaka kuandika fil, waya. Nikaandika file."

"File gani?"

"File ya mukate."

Mkurugenzi alivaa miwani. "Mukubwa aliweka sinyatire?"

"Aliweka."

"Na kashé, ule muhuri?"

"Iko hapa. Hata inachafua vidole."

"Basi kosa haiko. Kosa inakuwa kosa mbele ya kashé. Kisha kashé, inakuwa sheria. Weye unataka niende niseme mukubwa alisaini bila kusoma?"

"Hapana, Monsieur le Directeur."

"Unataka niseme anasoma lakini hasikie?"

"Hapana!"

"Bon. Mukubwa anataka alarme sans file. Iko na mawazo yake. Shiye tutafute maana."

Ili kutafuta maana, iliundwa Tume ya Kudumu ya Muda. Mkurugenzi alikuwa mwenyekiti, Symphorien katibu, na Bénédicte mjumbe na mtuhumiwa. Lakini miaka ile tume yoyote ilibidi iwe na mwakilishi wa raia, na raia aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Mama Geneviève, aliyeuza munkoyo chini ya tao la tatu: kile kinywaji chachu cha mahindi na mizizi, katika mapipa mawili ya bluu. Aliingia akijifuta mikono kwenye kitenge, akakaa kwenye ncha ya kiti, kwa sababu mapipa aliyaacha peke yake.

"Kwanza," alisema Mkurugenzi, "file ni nini?"

"Ni bantu kusimama moya nyuma ya mwenzake," alijibu Bénédicte, "na mukate inaisha mbele bafike."

"Katibu, andika. Ile ya mukate usiandike."

Symphorien aliandika bila mkate.

"Donc, wakati ya moto, bantu hawana ruhusa ya kufanya file. Texte iko wazi."

"Tutoke bote pamoja?" aliuliza Symphorien.

"Mulango iko mufinyu, Ngosa. Bantu babili bakifika pale, moya anapita, mwingine anangojea. Huyu mwenye kungojea anafanya nini?"

Symphorien alifikiri. Alitamani jibu lingine, lakini lilikuwa hilohilo. "Anafanya file."

"Na huyu mwenye kupita?"

"Iko mbele ya file."

"Voilà. Bote babili bamevunja sheria, na moto ingali nyuma yao."

"Basi mupanue mulango," alisema Mama Geneviève. "Mutoe ile misumari."

"Mama, ile misumari ni ya tangu bakoloni. Tunaichungia batoto yetu."

"Batoto batakuwa bameungua."

"Urithi itabakia."

Mama Geneviève alimtazama Mkurugenzi kwa muda, jinsi anavyomtazama mteja aliyekunywa kikombe kizima ndipo akasema kina inzi.

Mjadala uliendelea mpaka jua likahama dirisha. Mwishowe Tume ilifikia ukweli ambao hakuna aliyeweza kuupinga: mtu mmoja peke yake hawezi kufanya foleni, hata akijitahidi. Kwa hiyo kengele ikilia, mtu mmoja atatoka. Waliobaki watabaki. Kuhusu mtu huyo awe nani, hakuna aliyetaja jina. Mkurugenzi alitazama dari kwa unyenyekevu. Baadaye alikohoa, akasema kwamba moto ukila wafanyakazi wote, lazima abaki mtu wa kuandika ripoti, na ripoti isiyosainiwa na Mkurugenzi si ripoti, ni barua ya mapenzi.

Wakapiga kura kwa mikono. Bénédicte aliinua wake kwa sababu mtuhumiwa hana mkono wa kuficha. Mama Geneviève hakuinua. "Mukono yangu iko na munkoyo," alisema, na ikaandikwa kwamba raia wamejizuia kwa sababu za kiufundi. Symphorien aliwaza mguu wa Agnès. Akawaza ngazi. Halafu akawaza Land Rover, ambayo haikuwa mlango, ilikuwa na viti, na parole ilikuwa imetolewa. Mkono wake ukapanda.

Jioni alimweleza Agnès, polepole, akianza na upande mzuri.

"Tume ilifanya kazi muzuri."

"Hm."

"Sasa iko sheria. Moto ikikuja, muntu moya atatoka."

Agnès alipunguza sauti ya redio. "Nani?"

"Directeur."

"Na miye?"

"Weye... utabakia mu jumba. Kwa muda."

"Kwa muda gani, Sympho? Mpaka niive?"

"Haiko vile. Ile ni théorie. Siku yenyewe tutakuwa ndani ya Land Rover."

"Bote balikubali?"

"Bote."

"Na weye uliinua mukono."

Symphorien alianza kufungua kamba za viatu.

"Niambie tu," alisema Agnès. "Mukono uliinuka yenyewe, ao kulikuwa muntu chini anaisukuma?"

"Ni juu yako nilifanya vile, Agnès. Nikikataa, nafasi zinaenda."

"Ah. Ulinipikia kura ili usinipike." Aligeukia ukuta na mguu wake ukabaki umeelekea juu, kama kidole kinachomnyooshea mtu. Usiku ule Symphorien alilala upande ambao mguu haukuelekea.

Alhamisi lilifanywa zoezi rasmi. Mkurugenzi alipiga makofi, akavuta pumzi, akapita mlangoni, akavuka barabara, akasimama chini ya mjakaranda akitazama saa yake. Wengine walibaki mezani wakitazama mbele, kama walivyoelekezwa. Foleni ya mkate upande ule ilimwangalia mtu mnene anayelisubiri jengo lisilofanya chochote. Alipoona muda umetosha, alirudi, akatangaza zoezi limefanikiwa kwa asilimia mia: hakuna foleni iliyoonekana na hakuna aliyeungua.

"Hata bamort beko na file ku makaburi," Mama Geneviève alimwambia mteja wake. "Shiye tu njo bametukatalia."

Wiki iliyofuata mizinga ilisikika upande wa uwanja wa ndege. Maduka yalishusha milango. Kwa wafanyabiashara wa jumla kutoka Kivu, malori yalikuwa yameshapakiwa. Ni foleni ya mkate pekee ambayo haikuondoka, kwa sababu mwokaji alikuwa bado anaoka, na anayekimbia naye hula.

Asubuhi ile Mkurugenzi alifika mapema. Aliagiza asisumbuliwe, akachoma karatasi za Idara ndani ya ofisi yake, katika mbabula, yaani jiko la mkaa, aliyoiazima kwa Mama Geneviève bila kumwambia. Ikumbukwe kwamba tangazo lilikuwa bado mlangoni, likisema Jumba haliungui. Kwa hiyo alichokuwa anakifanya hakikuwa moto. Kilikuwa upangaji upya wa kumbukumbu.

Alipomaliza alishuka na mabegi. Symphorien alikuwa chini, amevaa koti lake la harusi. Mizigo ya Agnès ilikuwa imefungwa, na Agnès mwenyewe alikuwa amekaa kitandani amejifunga kitenge kipya, tayari kubebwa. Symphorien alichungulia Land Rover. Kwenye nafasi mbili za nyuma palikuwa na friji ya ofisi, imelazwa, na juu yake zulia la ukumbi na mashine ya Bénédicte.

"Monsieur le Directeur, nafasi yetu..."

"Ngosa, weye ni katibu ya Tume. Unajua texte kunipita. Nikikupakia, tutakuwa babili. Babili ni nini?"

Symphorien alifungua mdomo, na neno likatoka kwa mazoea, maana aliliandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Ni mwanzo ya file."

"Unaona? Chunga jumba." Akaingia, akapiga honi ijapokuwa hapakuwa na mtu mbele, akaondoka kuelekea barabara ya Kasumbalesa.

Symphorien alibaki amesimama katika moshi wa gari. Kitu kilimchukua muda kuelewa: gari lilikuwa limekwisha kupotea, na moshi bado ulikuwapo.

Alitazama juu. Pazia la ofisi ya Mkurugenzi lilikuwa linawaka, taratibu, kwa heshima ya mahali. Visahani vyeupe viliuona moto kutoka dari zote na havikusema neno. Ghorofani betri zao zilikuwa zinatangaza kwa sauti safi kwamba hali ni shwari katika mkoa wote.

Alipanda ngazi akikanyaga moja, akiruka moja. Alimweka Agnès mgongoni, akashuka naye kwa kuyumba, akafika mlangoni. Hapo plasta iligonga bawa lililopigiliwa misumari. Alimgeuza. Ikagonga nguzo. Alijaribu kinyumenyume, na mguu ukatangulia nje ukakwama kwenye nyonga. Wangeweza kuutoa mguu. Agnès ndiye aliyekuwa hapiti.

"Niweke chini," alisema Agnès.

"Siwezi kukuacha hapa."

"Nani anasema uniache? Niweke chini, uende uzime!"

"Na nini? Mayi haiko!"

Nje, Mama Geneviève alikuwa ameshaona pazia. Alitazama mapipa yake mawili, kazi ya siku mbili, yamejaa, yamechachuka vizuri kabisa. Alitoa tusi la Kibemba ambalo halina haja ya kutafsiriwa, akachota beseni la kwanza. "Bénédicte, kamata!"

Bénédicte, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika kazini, alilipokea akampa Symphorien. Symphorien alipanda nalo, akamwaga, akashuka kuchukua la pili, na pazia likanufaika kwa muda aliokuwa ngazini. Watu watatu hawatoshi. Lakini ng'ambo ya barabara palikuwa na foleni ya mkate, na siku zile watu wa Lubumbashi walikuwa na desturi moja: ukiona mstari, unaingia kwanza, unauliza baadaye wanagawa nini. Waliona beseni likipita mkononi mwa mtu kwenda kwa mtu. Wa mwisho kwenye foleni ya mkate walikuwa wa kwanza kuvuka. Nyuma yao wakavuka waliobaki, kila mmoja na bakuli lake, kila mmoja akimwambia mwenzake asisukume.

Mstari uliingia mlangoni mmoja mmoja, ukampita Agnès aliyekuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mguu kando ya njia, akiusimamia kama afisa wa forodha. "Weye, usirudi na bakuli tupu upande ya kuume! Pita kushoto! Mama, hakuna kuonja!" Ukapanda ngazi, ukafika ofisini. Munkoyo ulipita kutoka mkono kwenda mkono, na kwa ushahidi wa wote, waliouonja ni wachache. Moto ulilegea, ukatoa harufu ya mahindi yaliyoungua, ukazimika.

"Sasa banagawa nini?" aliuliza mzee mmoja juu ya ngazi, bakuli mkononi.

"Wameshagawa," alijibu Symphorien.

Mzee alisonya, kama mtu aliyezoea.

Kesho yake mji ulikuwa na wenyewe wapya. Komanda aliingia Jumbani kwa mlango mwembamba, bunduki kwanza kisha yeye, mtu mrefu kutoka mashariki, mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Nani mkubwa hapa?"

Bénédicte na Mama Geneviève walimtazama Symphorien. Symphorien alitazama nyuma yake, akakuta ukuta.

"Mji mzima, ofisi zimefungwa au zimeibwa," alisema Komanda. "Hii ndiyo ya kwanza kukuta watu ndani. Mulikuwa munafanya nini?"

"Hatukuwa na ruhusa ya kutoka," alisema Symphorien, na ilikuwa kweli.

Komanda alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akatoa karatasi mfukoni. "Kuna mzee tumemukamata kwenye kizuizi, njia ya Kasumbalesa. Watu wote wamepanga mstari, wamama, watoto, tunawaangalia, wanapita. Yeye anapiga honi. Tunamwambia ingia kwenye mstari. Anasema yeye hana mstari, ana amri. Tunamwambia leta amri." Aliikunjua, akasoma polepole. "Direction: Kapya. Alarme sans file. Approuvé. Sasa munielezee. Ni mtu gani anatembea na karatasi yenye kusema yeye ni kengele?"

Bénédicte alifungua mdomo. "Komanda, ile ni kosa ya—"

"Bénédicte," alisema Symphorien kwa upole. "Kashé ya mukubwa iko pale. Shiye ni nani?"

Bénédicte alifunga mdomo.

"Tutakaa hapa," alisema Komanda. "Makao makuu. Nanusa moto ndani ya hii nyumba. Kengele iko?"

"Ile ya zamani ilikufa. Tuliomba ya mupya. Ilikubaliwa kule juu, ila haikuwa imefika."

Komanda alitazama nje, ambako askari wawili walikuwa wanamteremsha Mkurugenzi kutoka juu ya friji.

"Imefika," alisema.

Kengele ilifungwa siku ileile. Ilifungwa juu ya ngazi, kwenye kiti, mahali inapoweza kuona korido zote mbili. Kiufundi ilikuwa bora kuliko ya wahisani: haikuhitaji waya wala betri, na ililishwa bukari, ugali wa huko, mara moja kwa siku. Kilichobaki kilikuwa kupokelewa rasmi, na Komanda, ambaye hakuwa na muda wa mambo ya majumba, alimwachia katibu wa Tume.

Symphorien alisimama mbele ya kengele na kalamu yake.

"Ngosa, mwanangu," ilinong'ona kengele. "Beye baaskari habajue kazi, lakini weye unajua. Moto ikikuja, miye nitatoka kwa nafasi ya ngapi?"

"Alarme haitokake, Monsieur le Directeur. Bantu njo banatoka. Alarme inabakia ndani, inalia, mpaka wa mwisho apite mulango. Na wa mwisho iko bibi yangu. Anatembea polepole." Aliweka kalamu kwenye karatasi. "Tujaribu."

"Moto," alisema Mkurugenzi, kwa sauti aliyozoea kumwamrishia Bénédicte.

Symphorien aligeukia mwisho wa korido, ambako mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. "Agnès! Umesikia?"

"Nisikie nini?"

"Tena, Monsieur le Directeur."

"Moto!"

"Agnès?"

Kutoka chumbani ilisikika redio ikizimwa, kisha kitanda kikilia, kama mtu anayepanga mto vizuri chini ya mguu wa plasta.

"MOTO!" alilia Mkurugenzi, mishipa ya shingo ikimsimama, mpaka foleni ya mkate ng'ambo ya barabara ikageuza vichwa. "MOTO! MOTO! MOTO!"

Symphorien alingoja mwangwi utulie, kalamu ikiwa hewani.

"Siyasikia bado," alisema Agnès.